Mkwe Asiyekunywa Maji ya Pipaldi

Kwa mujibu wa Kajodmal mwenyewe, ngamia alijifunza kustahimili kiu kutoka kwa babu yake. Babu yake Kajodmal, si wa ngamia! Alilitangaza hilo akiwa amesimama katikati ya ua wangu asubuhi, kilemba chekundu kichwani, masharubu yamepakwa mafuta yakatanuka pande mbili kama mishikio ya baiskeli. Ngamia hakuwepo, kwa hiyo hakukuwa na wa kumbishia.

Kajodmal ni mkwe wangu. Binti yake, Sugna, ameolewa na mwanangu Harkesh, na mwezi uliopita alituzalia mjukuu wa kike mwenye sauti ya tarumbeta. Siku hiyo ilikuwa siku ya kisima. Jioni mama mzazi hutoka nje kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, huenda kukiabudu kisima cha kijiji na kurudi na mtungi kichwani. Zamani tulifanya hivyo kwa watoto wa kiume tu, lakini mke wangu, Dhapu, alisema mjukuu wake hatanyimwa kisima, na kwangu Dhapu akishasema, kikao kimefungwa.

Wanawake humwimbia mzazi njia nzima. Wakimaliza, wanawaimba wakwe, na hapo ndipo wanaume wazima huanza kuchunguza viatu vyao. Nyimbo zile si za sifa, ni za kuumbua. Ukiwa na kitambi, utakisikia kitambi chako kikipigiwa makofi. Ukikoroma, kijiji kizima kitakoroma kwa pamoja. Na mtunzi mkuu wa nyimbo hizo hapa Pipaldi ni huyo huyo Dhapu. Nalala naye nyumba moja, najua ninachokisema.

Kajodmal tayari alikuwa na wimbo wake. Siku ya harusi alijigamba kwamba angemsindikiza binti yake kwa bendi nzima kutoka mjini, wapiga tarumbeta wenye sare za dhahabu. Wakaja wawili na ngoma moja, na mmoja wao alikuwa mpita njia tu. Dhapu akaitungia wimbo usiku huo huo, na tangu siku hiyo Sugna akienda kuteka maji, wanawake wanamwimbia bendi ya baba yake. Binti wa watu anatabasamu chini ya ushungi, lakini nilishamsikia akilia jikoni. Iliniuma, nakiri.

Sasa, kwetu baba wa binti hali kwa binti yake. Hagusi chakula, hanywi hata maji, na si nyumbani mwa binti tu, ni kijiji kizima alikoolewa. Ukishamtoa binti umemtoa, utarudije tena kumla? Siku hizi wengi hawajali. Wanakula na kuomba nyongeza. Lakini Kajodmal! Kajodmal aliigeuza desturi ikawa mashindano, na mshindani alikuwa yeye peke yake.

"Karibu maji, mkwe," Dhapu alimwambia. Ushungi alikuwa ameushusha hadi puani kwa heshima. Sauti hakuishusha. "Umetembea kutoka stendi kwa mguu, na jua lenyewe ndio hili."

"Maji?" Kajodmal aliruka nyuma. "Mkwe, unanitukana mchana kweupe! Tone la Pipaldi halitapita kwenye koo hili! Mimi nimetumikia jeshi!"

Jeshini alikuwa akitunza stoo ya viatu, lakini hilo hatulisemi mbele yake.

"Nimekuja na maji yangu," akaendelea, akipiga kofi chupa kubwa ya bati iliyoning'inia begani. "Maji ya Sankhli! Matamu kuliko sharubati yenu."

"Na yatakufikisha jioni?"

"Yatabaki! Nitawagawia!"

"Haya basi, tuwekeane ahadi," Dhapu akasema, na mimi nikajua mambo yameiva. "Ukifika jioni hujaonja kitu cha Pipaldi, nitakuimba sifa mbele ya kijiji chote. Na ule wimbo wa bendi naufuta, hautasikika tena."

Nyuma ya mlango wa chumba bangili zililia. Sugna alikuwa anasikiliza.

"Na nikionja?" Kajodmal akauliza huku anacheka.

"Ukionja, naimba ninachotaka."

"Imba mpaka nizeeke!"

"Umeshazeeka, mkwe."

"Basi mpaka nife!"

"Baba!" Sauti ya Sugna ilitoka nyuma ya mlango, nyembamba. "Baba, nakuomba, usi..."

"Usihofu, mwanangu! Leo baba yako anakufutia ule wimbo. Hesabu umekwisha!"

Sugna alikuwa amewahi kusikia maneno hayo, wakati ule yakihusu bendi.

Wanawake walitaka kupika bila kukanyagwa, na harufu ya samli ilikuwa imeshaanza kumtembeza Kajodmal kuelekea jikoni bila yeye kujijua. Dhapu akaniambia, "Baba Harkesh, mtoe mkwe wako akaone ngome." Nikamtoa. Tukapita nyuma ya nyumba, tukavuka mashamba yaliyokwisha kuvunwa haradali, hadi kwenye mwarobaini wenye jiwe lililopakwa chokaa chini yake. Mbele yetu kulikuwa na kilima, ngome juu, hekalu chini, na katikati kisima cha ngazi.

"Ngome ya Sankhli ni mara tatu ya hii," Kajodmal akasema kabla hata hajaitazama.

"Sankhli kuna ngome?"

"Ilikuwepo. Ilikuwa kubwa mno, ikabomoka kwa uzito wake."

"Mkwe," nikasema, "hapa kwenye hili jiwe, nikwambie kitu, kuanzia hapa..."

"Usinionyeshe mawe! Mawe nimeyaona jeshini, mengine makubwa kuliko nyumba yako!" Akalipita jiwe bila kugeuka.

Sawa.

Hekaluni palikuwa na watu wachache wamepanga foleni. Kila mmoja alikuwa na kikombe kidogo cha shaba, anammiminia Shiva maji kidogo juu ya jiwe lake, anainamisha kichwa, anaondoka. Maji kidogo yanatosha, Mungu hana kiu. Zamu ya Kajodmal ilipofika, kuhani akampa kikombe.

Kajodmal akakitazama kikombe kile. Akaitazama foleni. Akaona macho yote yako kwake, na mimi nikaona kifua kinaanza kujaa.

"Hiki nini? Cha kunyweshea kuku?" Akakirudisha. "Mimi si mtu wa matone!"

Akafungua chupa ya bati, akaiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, akamimina. Yote! Maji ya Sankhli yakashuka kwa kishindo, yakalijaza jiwe, yakafurika sakafuni, kuhani akapandisha nguo yake magotini, na mama mmoja aliyekuwa amekaa kando akisali akainuka akiwa ameloa hadi kiunoni. Watu wakasema, "Loo!" Kajodmal alisimama amefumba macho, akilipokea lile "loo" kama aliyevishwa shada la maua.

Tulipotoka nje aliitikisa chupa. Haikusema kitu. Akaitikisa karibu na sikio. Akaichungulia kwa jicho moja.

"Imebaki?" nikauliza.

"Mungu kwanza," akajibu, lakini sauti ilikuwa imeshuka ngazi mbili.

Hapo jua lilikuwa juu kabisa. Jua letu la mwezi wa tano halina masihara, mijusi yenyewe inatembea kwa kuinua mguu mmoja mmoja. Tukafika kwenye kisima cha ngazi. Kile kisima nakipenda. Unashuka ngazi baada ya ngazi, joto linabaki juu, ubaridi unakupokea kwenye vifundo, na chini kabisa maji yametulia, ya kijani, mazito kwa baridi. Wanawake watatu walikuwa wanajaza mitungi. Mmoja, mama wa makamo, alimwona Kajodmal na ulimi wake uliokauka, akamhurumia.

"Karibuni kwetu, wageni. Baba, njoo unywe maji, jua hili litakuua!"

Mimi sikuungoja mwaliko wa pili. Nikachota kwa viganja, nikanywa, nikajimwagia usoni, nikanywa tena. Nilipoinua kichwa, Kajodmal alikuwa ananitazama koromeo. Lilipopanda, macho yake yalipanda nalo, na liliposhuka yakashuka.

"Mkwe," nikasema, maana mimi pia nina moyo, "wewe hapa unaweza kunywa. Hakuna ubaya. Kwa sababu hapa..."

"Umetumwa!" Akaninyooshea kidole. "Nilijua tu! Mkeo amekutuma! Unataka nivunje ahadi gizani huku kisimani, halafu jioni niimbwe!"

"Sikiliza kwanza..."

"Sisikii kitu! Twende ngomeni!"

Akapanda zile ngazi akiwa ameziba masikio kweli, viganja viwili, mtu mzima na kilemba chake. Yule mama akaniuliza kama mgeni wangu ni mzima wa akili. Nikamwambia alikuwa jeshini.

Njia ya ngomeni ni ya mawe na haina kivuli. Mwanzoni Kajodmal alinisimulia alivyotembea jangwani siku kadhaa kwa kunyonya kifungo cha shati. Nilitazama shati lake, nikaona kweli kifungo cha juu kimelowa. Kisha akaacha kusimulia. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa kuwa tangu tuwaozeshe watoto wetu sijawahi kumwona Kajodmal akinyamaza akiwa macho. Masharubu yaliyeyuka mafuta, yakalala yakielekea kidevuni. Kwenye lango la ngome mbuzi mmoja alikuwa anakunywa kwenye kidimbwi cha maji machafu, na mkwe wangu akamtazama yule mbuzi kwa wivu wa wazi kabisa.

Nikajaribu tena. "Mkwe, ngome hii unayoiona siyo..."

"Siyo kubwa! Najua! Nimeshakwambia!"

Basi, nikanyamaza. Mtu akinikatiza mara tatu namwachia barabara yote apite. Nikakaa kwenye kivuli cha ukuta, nikavua viatu, nikatazama mandhari.

Kutoka juu pale unaona kila kitu. Nyumba zetu, kisima cha kijiji ambacho wanawake walikuwa wanakipamba kwa maua ya manjano, na kule mbali barabara ya lami inang'aa. Kajodmal naye alikuwa anatazama, lakini macho yake hayakuwa kwenye mandhari. Yalikuwa kwenye moshi mwembamba kando ya lami.

"Mkwe," akasema kwa sauti kavu kama karatasi, "lile tao kule, nililopita asubuhi, limeandikwa nini?"

"Limeandikwa Karibu Pipaldi."

"Na stendi iko ng'ambo yake? Upande wa nje?"

"Ukitoka huku, unapita tao, ndipo unafika stendi. Ndiyo."

Nilijibu alichouliza. Nilimwona akipiga hesabu, midomo ikicheza. Ghafla akakamata tumbo.

"Aa! Tumbo! Natangulia kidogo, mkwe, nitafute kichaka. Usinifuate!"

Jamani! Mtu aliyepanda kilima kwa kushika magoti aliteremka akiwapita mbuzi! Kilemba kilifunguka, kikawa kinapepea nyuma yake kipande kizima. Alivuka mashamba, akazunguka kijiji kwa nyuma, akapita chini ya tao bila kulitazama. Mimi nilivaa viatu taratibu, nikamfuata kwa mwendo wa mtu mwenye amani.

Nilipofika stendi, alikuwa kwenye kibanda cha Ladu. Ladu ana chai, ana biskuti, na wakati wa joto ana mtindi uliotiwa chumvi na bizari nyembamba, ameuhifadhi ndani ya chungu kilichofunikwa kitambaa kibichi. Mbele ya Kajodmal kulikuwa na safu ya bilauri tupu, na nyingine ilikuwa usoni. Masharubu yalikuwa meupe. Macho yalikuwa yamefumba kwa raha.

"Huu ndio mtindi!" alikuwa anamwambia Ladu. "Ongeza! Mtu anatoka tu nje ya Pipaldi, tayari anakutana na watu wanaojua mtindi!"

Ladu akasita na kijiko hewani. "Nje ya Pipaldi ipi, mzee? Hapa ni Pipaldi."

"Acha utani, kijana. Tao lile pale! Pipaldi inaanzia pale."

"Tao lilitakiwa lijengwe huku barabarani," Ladu akasema. "Trekta la matofali likakwama kwenye matope pale, wakayashusha, na hakuna fundi aliyekubali kuyabeba tena. Wakalijenga pale pale. Mpaka wetu uko ng'ambo ya lami, kwenye kalvati."

Bilauri ilishuka polepole hadi mezani.

"Na... hiki kibanda?"

"Kiwanja cha mzee Chhitar. Si huyo anakuja?"

Nikampungia mkono. Ningefanya nini tena?

"Na... mtindi?"

"Wa nyati wake wa maziwa. Mama Harkesh ameuchapa mwenyewe alfajiri."

"Chumvi imekolea, mkwe?"

Sauti hiyo ilitoka nyuma. Dhapu alikuwa amesimama hapo, kopo la sukari mkono mmoja, mwingine ameshika ukingo wa ushungi, ameushusha hadi puani kwa heshima zote. Alikuwa amefuata sukari ya halua. Anaapa hakujua kama atamkuta. Nilimwuliza mara moja, na sikuona haja ya kumwuliza ya pili.

Kajodmal alisimama. Akakaa. Akasimama tena, akapapasa mfukoni, akatoa noti akaipiga mezani.

"Nalipa! Kununua si kula! Mtu akinunua amenunua, desturi haijavunjwa!"

Ladu akaisukuma noti irudi kwake. "Nipokee hela ya mkwe wa mwenye kiwanja? Kijiji kitanionaje? Mama Harkesh ameshaagiza, wageni wake wote leo ni juu yake."

Kajodmal akairudisha noti mfukoni. Nilidhani atalia. "Laiti ningekunywa kule kisimani," akasema, "chini kule, mbali na macho ya kijiji."

"Ungekunywa tu," nikamwambia. "Tena mbele za watu. Kisima kile ni cha Mandola, na hekalu, na ngome pia. Tangu lile jiwe la chokaa, ardhi yote ile ni kijiji cha jirani. Sisi tunajivunia tu kwa kuwa tunaiona. Nilikuwa nataka kukwambia."

Akanigeukia mzima mzima.

"Lini?"

"Kwenye jiwe. Kisimani. Na langoni mwa ngome."

"Ungeweza hata kuoga, mkwe," Dhapu akaongeza kwa upole, akachukua sukari yake, akaenda zake. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Jioni kijiji kizima kilikuwa barabarani. Sugna alitoka nyumbani amejifunika shela ya manjano, ile ambayo baba yake ndiye aliyemletea kutoka Sankhli kama inavyotakiwa, na nasema kweli, ilikuwa shela nzuri, mtu hakubana mkono. Alikiabudu kisima, akajaza mtungi, akauinua kichwani. Kajodmal alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo ya baraza. Nguzo yenyewe nyembamba, kwa hiyo alionekana pande zote mbili. Nilimhurumia. Nikaenda nikasimama karibu naye.

Dhapu akakohoa, akasafisha koo. Ngoma ikaingia.

"Amekuja mkwe, chupa begani,
akaimimina yote jiweni!
Kisima cha jirani akakinunia,
mtindi wa Dhapu akaukimbilia!"

Na wanawake wote wakaitikia kwa makofi:

"Si mtu wa matone, si mtu wa matone,
mpeni ndoo nzima, shingo tuione!"

Kuhani wa hekaluni, aliyealikwa kutoka Mandola, alicheka hadi akashika ukuta. Ladu alipiga bilauri kwa kijiko. Na chini ya ile shela ya manjano mtungi ulianza kutikisika, maji yakaruka, yakamwagikia mabega ya Sugna. Nilifikiri analia. Nikajongea. Binti alikuwa anacheka! Anacheka kwa sauti, mbele ya wakwe zake wote, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwangu.

Aliposhusha mtungi alikuja hadi kwenye nguzo.

"Baba," akasema, "na wimbo wa bendi?"

Kajodmal akainamisha kichwa. "Nimeshindwa, mwanangu. Wataendelea nao."

"Nani aendelee na ule?" Dhapu akadakia kutoka kwenye ngoma. "Umechakaa ule! Nikiwa na huu, wa bendi wa nini? Nimeufuta!"

Sugna akachota maji ya kisima kwenye bilauri, akamshikisha baba yake. Akamkazia macho mpaka akanywa. Alikunywa yote, akamrudishia bilauri kwa mikono miwili. Siku hiyo ndipo nilipoanza kumpenda mkwe wangu.

Baada ya hapo hakukuwa tena na cha kuzuia. Kilichovunjika kimevunjika! Tuliketi chini mistari miwili, sahani za majani mbele yetu, na Kajodmal akala kama aliyetoka vitani kweli safari hii. Dhapu mwenyewe alipita akigawa halua. Alipofika kwake alichota kwa kijiko kidogo, kile cha kuonjea, akadondosha kidogo tu pembeni mwa sahani yake, akasubiri.

Kajodmal akakitazama kile kipande. Kifua kikajaa, masharubu yakainuka, kidole kikapanda juu.

"Mkwe! Mimi si mtu wa..."

Akagutuka. Akafunga mdomo. Lakini alikuwa amechelewa, maana mistari yote miwili, na wanawake jikoni, na Ladu mlangoni, na sauti ya Sugna juu ya zote, walishammalizia.